Kodi ni elfu saba, stima je? Jinsi matumizi ya umeme yanavyobadilisha bei ya nyumba Kisumu

Ukienda kutafuta nyumba Kisumu utatajiwa kodi, depo, pesa ya maji na pesa ya takataka. Stima haitajwi. Hiyo utaijua wiki ya pili, tokeni ya mia tano uliyonunua Jumamosi ikizima Jumatano jioni, na wewe unapika kwa gesi, hujapiga pasi, na friji bado iko dukani inangoja umalize kuilipia. Hapo ndipo mtu huanza kuuliza majirani maswali ambayo angemuuliza mwenye nyumba kabla ya kutuma depo.

Kama unatafuta nyumba ya kupanga, makala hii ni yako. Ni yako pia kama una ploti na vyumba viwili vimekaa tupu tangu Desemba na huelewi kwa nini, ama kama unapanga kununua au kujenga, iwe Mamboleo, Riat ama huko nyumbani. Nyote mnauliza kitu kimoja hata kama hamjakitamka: nyumba hii inakula stima kiasi gani, na hiyo stima inaathiri vipi bei yake? Inaathiri sana, na ushahidi tayari uko kwenye simu yako.

Anza na meseji zako

Fungua meseji za tokeni. Wengi wetu tunaangalia zile namba 20 za kubonyeza kwenye mita, basi, tunasahau zingine. Lakini meseji hiyo ni risiti kamili. Ina namba ya mita, tarehe, pesa ulizolipa (pameandikwa Amt), yuniti ulizopata (Units), halafu inaonyesha ni pesa ngapi ziliingia kwenye umeme wenyewe na ngapi zilienda kwa tozo na kodi za serikali.

Chukua namba mbili tu, Amt na Units, ugawanye. Tuseme ulilipa shilingi 500 ukapata yuniti 17. Kila yuniti umeinunua kwa shilingi 29 hivi. Sasa muulize rafiki yako wa mtaa mwingine afanye hesabu hiyo hiyo. Kuna uwezekano mkubwa akapata namba tofauti na yako, na hapo mazungumzo yanaanza kunoga, kwa sababu nyote mnanunua kwa kampuni ile ile, Kenya Power, na nyote mko Kisumu.

Tofauti inatoka wapi? Tangu Aprili 2023, bei za umeme wa nyumbani zinazoidhinishwa na mamlaka ya EPRA zimegawanywa katika makundi matatu. Mita inayotumia hadi yuniti 30 kwa mwezi iko kundi la chini. Inayozidi 30 hadi 100 iko kundi la kati. Inayopita 100 iko kundi la juu. Bei zilipotangazwa mwaka huo, kabla ya tozo na VAT ya asilimia 16, kundi la chini lililipa shilingi 12.22 kwa yuniti, la kati 16.30, na la juu 20.97. Namba zenyewe hurekebishwa mara kwa mara, kwa hivyo usizikariri. Cha kukumbuka ni ngazi. Mita ikipanda ngazi, si yuniti za juu peke yake zinazopanda bei. Zote zinapanda.

Ploti ya mita moja

Sasa tuingie Manyatta, ama Nyalenda, ama Obunga. Ploti ina vyumba kumi, mita ya Kenya Power ni moja, na iko kwa jina la mwenye ploti. Kila mpangaji ni mtu wa balbu mbili, redio, simu na televisheni ndogo. Tuseme kila mmoja anatumia yuniti 25 kwa mwezi. Akiwa na mita yake mwenyewe, huyu ni mtu wa kundi la chini kabisa. Ndiye hasa aliyefikiriwa wakati bei nafuu iliwekwa.

Lakini mita haijui kwamba nyuma yake kuna milango kumi. Mita inaona mteja mmoja anayetumia yuniti 250. Mteja huyo ni tajiri, anapelekwa kundi la juu. Kwa bei zile za 2023, yuniti 25 za mpangaji wetu zingemgharimu shilingi 305 na nusu akiwa peke yake. Ndani ya mita ya pamoja zinakuwa shilingi 524. Hiyo ni karibu shilingi 219 zaidi kila mwezi, zaidi ya 2,600 kwa mwaka, na hapo hatujaongeza kodi wala kile kidogo ambacho wasimamizi wengine huongeza juu wanapogawa bili.

Yaani mtu wa bedsita analipia stima kwa bei ya mtu wa jumba la Milimani. Mimi huona hili ndilo jambo kubwa zaidi kuhusu umeme na nyumba hapa mjini, kubwa kuliko habari zote za sola na majengo ya kisasa, na halizungumzwi kwa sababu halionekani. Liko ndani ya mchango wa kila mwezi.

Halafu kuna vita. Wale waliokaa ploti za mita moja wanajua. Nyumba namba nne anapika nyoyo kwa koili, saa nne mfululizo, nyumba namba saba hana hata pasi, na mwisho wa mwezi bili inagawanywa sawa. Watu hawahami kwa sababu ya paa kuvuja. Wanahama kwa sababu ya namba nne.

Mwenye ploti akiweka mita ndogo za kila mlango, vita vinapungua, maana kila mtu analipia alichotumia. Hilo ni jambo zuri, lakini bei ya yuniti haishuki, kwa kuwa mita kubwa ya nje bado ni moja na bado iko kundi la juu. Ili mpangaji ashuke ngazi anahitaji mita yake halisi ya Kenya Power. Kwa hivyo ukiambiwa "kila nyumba iko na mita yake," uliza tena: ni mita ya Kenya Power ama ni mita ndogo? Tokeni unanunua mwenyewe kwa simu, ama unamtumia msimamizi pesa akuwekee? Kama unanunua mwenyewe na meseji inakuja kwako moja kwa moja, umepata jibu.

Joto nalo ni bili

Kisumu iko kwenye kimo cha mita kama 1,130 kutoka usawa wa bahari, Nairobi iko juu ya 1,600. Ikweta iko hapo Maseno, unaipita ukienda Busia. Maana yake ni kwamba jua letu linapita karibu utosini mwaka mzima, na kwa nyumba nyingi mzigo mkubwa wa joto unatoka kwa paa, halafu kwa ukuta wa magharibi unaopigwa na jua la mchana hadi jioni.

Wazee walijua hivyo. Nyumba ya nyasi kwenye dala, yenye ukuta mnene wa udongo na paa linaloshuka chini kufunika ukuta, saa nane mchana unaweza kulala ndani. Nyumba za zamani za Milimani nazo zina vigae, dari la juu, veranda na mwembe uani. Kisha sisi tukaja na mabati bila dari, dirisha moja upande wa magharibi, na ukuta unaotazamana na ukuta wa jirani. Saa tisa mchana chumba kinakuwa jiko.

Joto hilo mpangaji analipa kwa feni. Feni ya kawaida ya wati 60 ikizunguka saa kumi kwa siku inakula yuniti 18 kwa mwezi. Kwa mtu wa kundi la chini, hiyo ni zaidi ya nusu ya yuniti 30 zake. Inaweza kumsukuma apite 30, na akipita, kila yuniti yake inapanda bei, hata za balbu. Kama ana friji, nayo inafanya kazi kwa nguvu zaidi kwenye chumba cha moto. Kwa wale wenye uwezo wa kuweka kiyoyozi, hapo tunazungumzia mamia ya yuniti.

Dawa yake si ya ajabu. Dari lenye nafasi ya hewa kati yake na mabati. Matundu ya hewa chini ya paa. Mabati ya rangi nyepesi, kwa sababu rangi nyeusi hunywa jua. Madirisha yanayotazamana ili upepo wa ziwa upite, na mchana upepo huo upo, shida ni vile tumeuzibia njia. Anayejenga sasa hivi ana bahati ya kuchagua jambo ambalo halimgharimu hata shilingi: ageuze nyumba ili pande ndefu zitazame kaskazini na kusini, na zile fupi ndizo zitazame mashariki na magharibi. Fundi atakuambia haijalishi. Inajalisha.

Nilipokuwa natafuta keja Migosi baada ya kumaliza chuo, madalali wote walipenda kunionyesha nyumba asubuhi. Sidhani ni njama, labda ni ratiba yao tu. Lakini nyumba ya saa tatu asubuhi na nyumba ya saa tisa mchana ni nyumba mbili tofauti, na utaishi katika zote mbili.

Shower ya moto inayohamisha familia nzima

Twende kwa nyumba za vyumba viwili na vitatu, Tom Mboya, Lolwe, Kenya Re. Hapa kitu kinachokula stima kwa kawaida si balbu. Balbu ya zamani ya wati 60 ikiwaka saa tano kwa siku ilikula yuniti 9 kwa mwezi, ya LED ya wati 9 inakula yuniti moja na robo hivi, na nyumba nyingi zimeshabadilisha. Mla stima ni ile shower ya umeme ya papo hapo.

Tuseme ni ya kilowati 5. Watu wanne, kila mmoja dakika kumi, ni dakika 40 kwa siku. Hiyo ni yuniti 3.3 kila siku, yaani kama yuniti 100 kwa mwezi. Kifaa kimoja peke yake kimejaza kundi la kati lote. Kama familia ilikuwa inatumia yuniti 80 kwa mambo mengine, sasa inatumia 180 na iko kundi la juu. Kwa bei za 2023 kabla ya tozo, yuniti 180 ni shilingi 3,774. Bila shower ingekuwa yuniti 80 za kundi la kati, shilingi 1,304. Tofauti ni karibu 2,470 kwa mwezi, na kama theluthi moja ya hiyo si maji ya moto, ni adhabu ya kupanda ngazi kwa yuniti zote.

Nyumba iliyo na tangi la sola la kupasha maji juu ya paa inaweza kumwondolea familia hiyo sehemu kubwa ya gharama hii, na jua si kitu tunachokosa hapa. Serikali ilishawahi kulitazama suala hili: kanuni za mwaka 2012 zilitaka majengo yanayotumia zaidi ya lita 100 za maji ya moto kwa siku yawekewe sola. Ukipita mitaani unaweza kujihesabia mwenyewe ni mapaa mangapi yanayo.

Sasa ndiyo bei ya nyumba

Hebu tuweke nyumba mbili za kupanga mezani. Ya kwanza kodi ni 7,000, mita ya pamoja, mabati bila dari. Ya pili kodi ni 7,300, mita yake, dari, upepo unapita. Mpangaji asiyepiga hesabu atachukua ya kwanza na kujiona mjanja. Lakini kama ya pili inamwokolea shilingi 500 za stima kila mwezi, ya kwanza ndiyo ghali, kwa shilingi 200. Bei halisi ya nyumba ni kodi ukijumlisha stima. Hakuna njia nyingine ya kulinganisha.

Geuka sasa uwe mwenye ploti. Ulitumia pesa kuweka dari na kuwasaidia wapangaji wapate mita zao. Umeongeza kodi kwa 300, na bado mpangaji anabaki na 200 mfukoni, kwa hivyo halalamiki. Vyumba kumi, mara 300, mara miezi 12, ni shilingi 36,000 zaidi kwa mwaka. Siku ukitaka kuuza, mnunuzi wa ploti ya kupangisha hanunui matofali, ananunua kodi. Akiwa anataka mapato ya asilimia 10 kwa mwaka kutoka kwa pesa zake, basi shilingi 36,000 za ziada zinafanya ploti yako iwe na thamani ya shilingi 360,000 zaidi machoni pake. Hizi ni namba za mfano, weka zako. Mantiki inabaki ile ile hata kama ploti yako ina milango minne.

Na bado hatujagusa vyumba tupu. Chumba cha 7,000 kikikaa miezi miwili bila mtu, umepoteza 14,000. Hiyo ni ile nyongeza ya shilingi 300 ya karibu miaka minne ya chumba hicho.

Mbona basi wenye nyumba wengi hawafanyi? Kwa sababu anayenunua dari si anayelipa stima. Mwenye nyumba anatoa pesa, mpangaji anafurahia upepo. Mpangaji naye hawezi kuweka dari kwenye nyumba ambayo anaweza kuambiwa ahame mwezi ujao. Kila mmoja anamngoja mwenzake. Kitu pekee kinachofungua fundo hilo ni mpangaji kujua thamani ya anachookoa, na mwenye nyumba kuweza kuithibitisha.

Wenzetu wa Uingereza walitatua sehemu ya hilo kwa karatasi. Nyumba ikiuzwa au kupangishwa lazima iwe na cheti kinachoipa daraja la matumizi ya nishati, kuanzia A hadi G, kama mtihani. Tangu Aprili 2018, huko England na Wales mwenye nyumba haruhusiwi kwa kawaida kuanza upangaji mpya katika nyumba iliyo chini ya daraja E. Utafiti wa mwaka 2015 uliotumia mauzo ya nyumba nyingi za England uligundua kwamba nyumba za daraja A na B ziliuzwa kwa karibu asilimia 5 zaidi ya zile za daraja D. Wao wanahangaika na baridi. Unaotuhusu zaidi ni ule wa California uliochapishwa 2014 na wachumi Matthew Kahn na Nils Kok: nyumba zilizokuwa na cheti cha kutumia nishati vizuri ziliuzwa kwa bei ya juu kidogo, na nyongeza hiyo ilikuwa kubwa zaidi katika sehemu zenye joto zaidi.

Kenya hatuna cheti kama hicho kwa nyumba za kawaida. Tuna nyota kwenye friji, kutokana na kanuni za mwaka 2016, na hizo unaweza kuziona dukani: nyota nyingi, stima kidogo. Kwa majengo makubwa kuna cheti cha EDGE kutoka shirika la IFC, kinachotaka jengo liokoe angalau asilimia 20 ya nishati, ya maji, na ya nishati iliyotumika kutengeneza vifaa vya ujenzi. Kampuni ya Acorn, ile ya hosteli za wanafunzi za Qwetu kule Nairobi, ilijenga kwa kufuata kiwango hicho, na mwaka 2019 ikapata shilingi bilioni 4.3 kwa kuuza hati fungani ya kijani, ambayo Januari 2020 iliorodheshwa pia katika soko la hisa la London. Wenye pesa hawakuwa wanatoa sadaka. Waliona jengo ambalo gharama yake ya kuliendesha ni ndogo.

Ukija kwa mtu wa kawaida, mikopo ya benki ya kununua nyumba nchini kote ni kama elfu 30 tu. Wengine wote tunapanga, ama tunajenga pole pole, lori moja la mchanga kwa wakati. Kwa hivyo cheti chetu kwa sasa ni zile meseji za tokeni.

Nyumbani, na kule ufuoni

Kuna nyumba ambazo hoja ya bei haiziingii kabisa. Nyumba uliyojenga kwenye dala huiuzi, na hakuna atakayekuja kuikagua akiwa na karatasi ya hesabu. Hiyo unajengea wazazi, watoto na siku za matanga. Lakini bili ipo vile vile, na mara nyingi anayeilipa ni wewe uliye mjini, unatuma tokeni kwa mama kila mwezi. Dari moja zuri huko linaweza kukupunguzia safari hiyo ya pesa kuliko kuongeza kiasi unachotuma.

Ukishuka ufuoni, Usenge, Mbita ama Port Victoria ya Busia, swali linabadilika tena. Nyumba nyingi zina sola za kulipia kidogo kidogo kwa simu, mtindo ambao M-KOPA walianza kuuza nao mwaka 2012. Mtu akikuuzia ama akikupangishia nyumba huku akionyesha paneli kwa kidole, muulize swali moja: mkopo wake umeisha? Kifaa ambacho malipo hayajakamilika huwa kinafungwa malipo yakichelewa. Paneli iko juu ya paa, sawa, lakini si sehemu ya nyumba mpaka shilingi ya mwisho ilipwe. Omba uone historia ya malipo kwenye simu ya anayekupa. Ikiwa imelipwa yote, hiyo ni thamani halisi, iweke kwenye bei. Kama bado, ipunguze.

Kabla hujatuma depo

Nenda ukaone nyumba kati ya saa nane na saa kumi mchana. Weka mkono kwenye ukuta wa magharibi kwa ndani. Tazama juu: ukiona mabati moja kwa moja, feni ni yako. Muulize mpangaji anayehama, kwa upole, "Samahani ndugu, tokeni ya mia tano inakukaa siku ngapi hapa?" Watu hupenda kujibu swali hilo. Anayehama hana sababu ya kukudanganya.

Nyumba ikiwa imekaa tupu muda mrefu, hakikisha mita ilisasishwa. Mita zote za tokeni zilipaswa kuingizwa namba za kusasisha kabla ya tarehe 24 Novemba 2024, na ambayo haikufanyiwa hivyo haikubali tokeni mpya mpaka iingizwe namba hizo kwanza. Uliza pia kuhusu deni la mita. Deni la aliyekutangulia linaweza kukatwa kwenye tokeni zako bila wewe kujua umekosea wapi.

Mwenye ploti naye ana kazi yake. Waombe wapangaji wenye mita zao wakubali kukuonyesha jumla ya tokeni za miezi mitatu, bila majina, uandike kwenye tangazo: kodi hii, stima ya kawaida ya nyumba hii ni kiasi hiki kwa mwezi. Wapangaji wakitaka kuomba mita zao, watahitaji cheti cha nyaya kutoka kwa fundi wa stima aliye na leseni, kitambulisho na PIN ya KRA, kwa hivyo nyaya za kila mlango ziwe zimetenganishwa tayari. Kama huna nafasi ya kufanya ploti yote, anza na vyumba vinavyotazama magharibi, kwa sababu huenda ndivyo vinavyokaa tupu.

Na mpangaji, usinunue tokeni ya elfu moja siku ya kwanza. Chukua namba ya mita iliyo mlangoni pako, si ile uliyoandikiwa kwenye karatasi. Nunua tokeni ndogo kupitia paybill ya Kenya Power, 888880, ukiweka namba hiyo kama akaunti. Iingize mwenyewe, kisha zima swichi kuu ya nyumba na uangalie taa za nani zimezimika. Kama ni za jirani, mwite msimamizi saa hiyo hiyo, akiwa bado anakumbuka alikuahidi nini.